Ishara ya Msalaba Kabla ya Swali la Kwanza

SEHEMU YA SABA

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nilikofikia. Kwa anayenikuta leo, nitasema kwa kifupi.

Naitwa Pelagia. Nina miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba huku Bariadi, hadi wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye pamba na chama chetu kikabaki na ghala lenye popo. Ndipo nikajiunga na chuo cha jioni kusomea biashara. Darasani mimi ni mkubwa kuliko wote, pamoja na walimu.

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulitaka kujua jambo moja: kwa nini pamba imechafuka tangu soko lifunguliwe? Nilihoji wakulima arobaini wa kijiji kimoja, ng'ambo ya Zagayu. Jina la kijiji nalificha. Mkimaliza kusoma mtajua kwa nini.

Mmeshasoma jinsi kompyuta ya steshenari ilivyomeza sura zangu mbili, na jinsi msimamizi wangu wa kwanza alivyohamia Mwanza bila kuaga. Wiki iliyopita niliwaacha ofisini kwa msimamizi wa pili, mwalimu Januarius. Alikuwa ameiweka ripoti yangu mezani na kusema maneno matatu.

"Mama, umepika data."

Mwalimu Januarius ni kijana wa miaka thelathini na moja. Si mtu mbaya.

"Sijapika, mwalimu."

"Wakulima thelathini na tisa kati ya arobaini wamekiri kwamba wanatia maji au mchanga kwenye pamba. Mimi nimesimamia tafiti miaka minne. Mkulima hakiri, mama. Mkulima anasema ni jirani yake."

"Labda wa kwangu ni waaminifu."

"Waaminifu wanaotia mchanga?"

Akafungua ripoti kwenye sura ya mbinu za utafiti.

"Haya, niambie. Uliwahoji vipi?"

"Kama ulivyotufundisha. Nilijitambulisha, nikaeleza madhumuni, nikasali, nikauliza swali la kwanza."

"Rudia hapo."

"Nikauliza swali la kwanza."

"Kabla ya hapo."

"Nikasali."

Alivua miwani akaiweka juu ya ripoti yangu. "Ulisali nini?"

"Ishara ya msalaba. Kisha namwomba Mungu ampe anayehojiwa moyo wa kusema kweli. Kisha namwambia mhojiwa kwamba atakayosema yatabaki siri kati yake, mimi na Mungu. Hicho ni kile kifungu cha siri, mwalimu. Kipo kwenye mwongozo."

"Kwenye mwongozo Mungu hayumo, mama."

Wasomaji wangu, nawaambia ukweli: hadi dakika ile sikuwa nimeona kosa. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa mtaani kwetu. Sianzi hata kupalilia bila kusali, ningeanzaje kumuuliza mtu habari za maisha yake?

Mwalimu alianza kucheka peke yake, halafu akaacha. "Uliwaungamisha! Umeenda kijijini na kalamu, ukawaungamisha watu arobaini!"

"Thelathini na tisa," nikasema, kisha nikauma ulimi.

Hakusikia. Alikuwa ameshageukia jambo lingine. "Madodoso yana majina?"

Mwongozo ulisema tusiandike majina. Mimi niliandika. Kwa miaka kumi na tisa sijawahi kujaza karatasi ya mkulima bila kuweka jina lake juu, kwa sababu kwenye mizani karatasi isiyo na jina ni wizi. Mkono wangu uliandika kabla sijaukataza.

"Yana majina," nikasema.

"Basi afadhali. Ijumaa saa kumi jioni niletee yote, yale yale uliyojaza kijijini. Mtahini wa nje atakuwepo. Atachagua jina moja au mawili, atawauliza wenyewe. Wakisema ulifika, umefaulu. Usipoleta, ni sifuri, na mahafali utayaangalia ukiwa nje ya uzio."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano tulikuwa na jumuiya. Tulipofika kwenye nia za sala, nikasimama. Wengine waliombea mvua, mama mmoja akamwombea mwanawe aliyeko jeshini. Mimi nikasema, "Mniombee. Mwalimu anataka karatasi zote nilizowaandika wakulima, na majina yao, Ijumaa."

"Bwana, utusikie," wakaitikia.

Bwana alisikia. Na kijiji nacho kikasikia. Binti wa mmoja wa akina mama wale ameolewa kule.

Alhamisi asubuhi, nikiwa nafagia, baiskeli ikasimama mlangoni. Alikuwa Masalu, mkulima niliyemhoji wa kwanza kabisa. Alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mwangaluka, mayo Pelagia." Ndivyo Wasukuma humwamkia mama asubuhi.

"Mwangaluka, baba Masalu. Karibu ukae."

"Sikai. Nimetumwa." Lakini akakaa. "Mayo, tumesikia ulituandika."

"Si mliniona nikiandika?"

"Tulikuona. Tulidhani unaandika kama padre anavyoandika ubatizo, kitabu kinafungwa kabatini, basi. Kumbe unapeleka kwa mtu."

"Padre hasikilizi maungamo akiwa na kalamu, Masalu!"

"Sasa sisi tungejuaje? Umekuja na rozari shingoni. Umenisalia mpaka mke wangu akalia. Nimekwambia habari za ndoo za maji ninazomwagia pamba, jambo ambalo hata padre sijamwambia. Halafu ukanipa peremende."

Peremende nilitoa, ni kweli. Mwongozo ulisema tuwashukuru wahojiwa.

Mume wangu Kasmiri, fundi wa baiskeli, alikuwa ameshaanza kuikagua tairi ya Masalu bila kuombwa. Akasema bila kuinua kichwa, "Nilimwambia asome ushonaji."

"Kijiji kimekaa jana usiku," Masalu akaendelea. "Sungusungu wanaotulinda wamesema hivi. Karatasi zikifika kwa watu wa pamba, sisi hatununuliwi tena. Na wewe hutakuwa na mtu. Hutasalimiwa, hutachotewa maji, na ukifiwa utazika na Kasmiri wako."

"Na mimi nikifa?" akauliza Kasmiri.

"Atakuzika peke yake."

Hakuna aliyecheka.

Niliingia ndani, nikapiga magoti mbele ya sanduku la bati ambamo madodoso yalikuwa. Nilisali. Nilimwambia Mungu kwamba nimesoma miaka minne kwa macho yasiyoona vizuri jioni, na kwamba wale watu ni wangu, niliwapimia pamba tangu wakiwa vijana. Nilisubiri. Sikuambiwa kitu.

Aliyeniambia ni Kasmiri, akiwa mlangoni na pampu mkononi. "Kata majina. Mpe Masalu majina, mpe mwalimu karatasi."

Ilikuwa rahisi hivyo. Nilichukua mkasi nikakata ukingo wa juu wa kila dodoso. Nikapata vipande arobaini, vyembamba kama utambi. Nilivibeba kwenye kanga, nikampelekea Masalu pale nje. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilihisi mwili mwepesi.

Masalu alivisoma kimoja kimoja kwa sauti, kidole chini ya kila jina. Alifurahi alipolifikia lake, akalikunja akalitia mfukoni. Aliendelea. Kwenye kipande cha mwisho akasimama.

"Ndaki?"

Nikatazama chini.

"Mayo, huyu Ndaki mwenyekiti wa sungusungu? Ndaki alikufukuza! Tulimsikia kijiji kizima. Alisema haungami kwa mwanamke mwenye baiskeli. Alikutukana hadi mbwa wake wakakuonea huruma."

Hapa ndipo ninapoungama mimi.

Sampuli ilitaka watu arobaini. Nilikuwa nao thelathini na tisa. Siku ile ilikuwa ya mwisho, mnyororo wa baiskeli ulikuwa umekatika, na mzee Ndaki alinifungia lango la boma usoni. Nilikaa kando ya njia nikamjazia dodoso lake mimi mwenyewe. Unatia maji? Hapana. Unatia mchanga? Hapana. Unachanganya pamba safi na fifi, ile ya daraja la pili? Hapana. Niliandika hapana kumi na nne. Sikumsingizia dhambi, nilijiambia. Nilimpa heshima.

Lile moja tu ndilo ambalo sikulifungua kwa sala.

"Masalu, lake nilijaza mwenyewe, mema tupu. Nakuomba, hicho nirudishie."

"Siwezi. Nimetumwa majina yote." Alikuwa na huruma usoni, lakini alikuwa ameshavifunga vipande vilivyobaki kwenye leso. "Nitamwambia ulimwandikia mema."

Akapanda baiskeli. Tairi yake ilikuwa imejazwa vizuri sana, akaenda kwa kasi.

Ijumaa saa kumi kasorobo nilikuwa mlangoni kwa mwalimu na bahasha yangu ya kaki. Nje kulikuwa na gari jeupe, lile linaloonekana msimu wa pamba kila senta ya ununuzi.

Ndani alikaa mwanamume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Mama Pelagia," mwalimu akasema, "huyu ni Bwana Marcelo. Ni mtahini wetu wa nje. Siku hizi chuo kinataka watu wa sekta binafsi washiriki."

Bwana Marcelo ni meneja wa manunuzi wa kampuni moja ya pamba. Kampuni sitaitaja. Alinipa mkono mlaini.

"Ripoti yako nimeisoma mara mbili, mama. Ni kazi nzuri. Nina hamu ya kuwafahamu hawa watu wako."

Nilijua hamu ile. Nilikaa kwenye mizani miaka kumi na tisa, najua mnunuzi anavyotazama mzigo.

Alitoa madodoso kwenye bahasha. Aligeuza la kwanza, la pili, la tatu. Akaweka kidole palipokatwa.

"Majina?"

"Nimeyatoa. Niliwaahidi siri."

"Madodoso bila majina ni karatasi za kufungia karanga," akasema kwa upole.

Mwalimu akanitazama kama mtu aliyeponzwa. "Mama, tulikubaliana."

"Mwongozo unasema tusiandike majina, mwalimu."

"Mwongozo ulikuwepo na siku ile ulipoyaandika!"

Bwana Marcelo aliinua mkono kumtuliza. "Majina yako wapi?"

"Yamerudi kwa wenyewe."

"Na kichwani mwako?"

Siwezi kusema uongo nikiulizwa usoni. Naweza kuuandika, kama mlivyoona. Kuutamka siwezi.

"Kichwani yapo."

Akatabasamu. Akaendelea kugeuza karatasi, taratibu, akisoma maji, mchanga, maji, maji na chumvi. Akafika la arobaini. Akalisoma lote, kisha akampa mwalimu.

"Hili," akasema Bwana Marcelo, "ndilo pekee linalofanana na dodoso la kweli."

Mwalimu alilisoma, naye akatikisa kichwa kukubali. "Kweli. Majibu yamenyooka. Hili halina mkono wa mtu."

Wasomaji wangu, nilishika kiti.

Karatasi thelathini na tisa ambamo watu walinimwagia mioyo yao, wakaziita za kupika. Ile moja niliyoipika kando ya njia, ndiyo wakaiita ya kweli.

"Sasa sikia, mama," Bwana Marcelo akasema. "Wengine siwataki leo. Huyu mmoja hajakiri kitu. Jina lake haliwezi kumdhuru. Tunatafuta mkulima msafi awe mfano kijijini. Twende tumwone. Akithibitisha kwamba ulimhoji, mimi nasaini, na wale wengine tunawasahau."

"Na asipothibitisha?"

Mwalimu ndiye aliyejibu. "Basi data yote imepikwa, mama. Labda ututajie hao wengine, tuwaulize mmoja mmoja."

Nilitafuta pa kutokea, sikupaona. Nikinyamaza, sifuri. Nikisema nilimpika Ndaki, sifuri, au niwauze thelathini na tisa. Iliyobaki ilikuwa neno moja.

"Anaitwa Ndaki," nikasema.

"Jua bado lipo," Bwana Marcelo akasema akichukua funguo. "Panda."

Nilikaa kiti cha nyuma. Njia nzima nilisali rozari kwa vidole, matendo ya uchungu, ingawa siku ile hata ya furaha yangekuwa uchungu tu. Sikuomba tena nifaulu. Niliomba gari liharibike. Lilikuwa gari jipya.

Mwalimu aligeuka mara moja. "Usiogope, mama. Kama ulimhoji, ni swali la dakika moja."

Tulipoingia kijijini watu waliliona gari jeupe, wakatoka. Wanawake waliacha kuanua pamba yao. Hakuna aliyenisalimia. Mama niliyemhoji wa ishirini na mbili, aliyelia mikononi mwangu, alimfunika mwanawe uso kwa kanga nilipopita.

Walitufuata kwa miguu hadi kwa Ndaki. Sikuwahesabu, lakini nilizijua nyuso.

Mzee Ndaki alikuwa amesimama langoni mwa boma lake, amevaa kofia ya pama, fimbo kwapani. Masalu alikuwa pembeni yake, hanitazami.

"Mwadila, baba," nikamsalimu salamu ya jioni, nikipiga goti.

"Mwadila, mayo. Leo hukuja na baiskeli."

Watu wakaguna.

Bwana Marcelo alijieleza kwa maneno matamu. Alisema ametafuta wilaya nzima mkulima mwenye pamba safi, na kwamba karatasi imemtaja yeye. Alisema mkulima wa namna hiyo atafaa kuwa wakala. Ndaki alisikiliza kama anayesikiliza bei ya ng'ombe wa mtu mwingine.

Mwalimu Januarius hakuwa na subira. "Mzee, tunataka kujua kitu kimoja tu. Mama huyu alikuja kukuhoji habari za pamba?"

Ndaki alivua kofia. Kwenye utepe wa ndani alitoa kipande chembamba cha karatasi. Alikinyoosha juu ya kiganja ili kila mtu akione.

"Hili ni jina langu," akasema. "Mwandiko ni wa huyu mayo. Naujua. Umeandika risiti zangu miaka kumi na tisa, na haujawahi kunipunja hata kilo."

"Kwa hiyo alikuhoji," akasema mwalimu, uso ukichangamka.

"Ngoja, kijana." Ndaki alinigeukia. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha. "Nasikia wenzangu wote uliwasalia kwanza."

"Ndiyo, baba."

"Mimi sijabatizwa. Lakini sipendi kubaguliwa nyumbani kwangu. Nisalie na mimi."

"Baba Ndaki..."

"Fanya ile ishara yako. Omba huyo Mungu wako atoe moyo wa kusema kweli, kama ulivyowaombea hawa. Ukimaliza, utasema wewe mwenyewe mbele yao kama ulinihoji. Ukisema ndiyo, na mimi nitasema ndiyo. Kijiji chote kitasema ndiyo, na hawa wageni watarudi kwao."

Akairudisha kofia kichwani, kisha akakumbuka, akaivua tena. Masalu akavua yake. Nyuma yangu nilisikia kanga zikivutwa kufunika vichwa.

Bwana Marcelo alikuwa ametoa kalamu moja kati ya zile tatu. Mwalimu aliinamisha kichwa kwa adabu, akisubiri dakika yake moja iishe.

Walikuwa wananipa shahada yangu. Watu wale wale niliowaandika walikuwa tayari kuitikia amina juu ya uongo wangu, ilimradi niutamke mimi.

"Anza, mayo," akasema Ndaki.

Niliinua mkono wa kuume.

"Kwa jina la Baba," nikasema.

Vidole vilikuwa kwenye paji la uso. Sasa vilitakiwa kushuka kifuani. Watu walikuwa wananisubiri, na mkono haukushuka.